Ghala letu lilivyoingia kwenye bajeti ya halmashauri: uzoefu wangu ndani ya serikali ya kijiji

Watu wa vijiji vya jirani wananiuliza sana, nyie mlifanyaje mpaka halmashauri ikawapa hela ya kumalizia ghala, na wengine wanaamini kabisa tulikuwa na mtu wetu wilayani. Hatukuwa na mtu. Mimi ni mkulima wa mahindi na mbaazi huku Ruvuma, niliingia serikali ya kijiji kwenye uchaguzi wa Novemba 2019 nikapangiwa kamati ya fedha, uchumi na mipango, kamati ambayo vijiji vingi ipo kwa jina tu, inakutana kusaini alichokwisha andika mtendaji. Naandika kwa sababu uchaguzi wa 2024 umeingiza wajumbe wapya wengi na nisingependa waanze sifuri kama tulivyoanza sisi.

Hali tuliyoikuta ilikuwa hivi. Kila mwaka ikifika Oktoba, Novemba, wilayani wanasema leteni vipaumbele vya kijiji, mtendaji anaitisha mkutano mkuu, watu wanataja na yeye anaandika: barabara, kisima, zahanati, nyumba ya mwalimu, daraja, mnara wa simu, umeme kitongoji cha juu, ghala, josho, uwanja wa mpira. Orodha haina bei, haisemi kipi kianze, inaenda kata inaunganishwa na za vijiji vingine, inaenda wilayani, na kule afisa mipango ameshapewa ukomo wa bajeti kutoka juu na mezani ana maombi ya kata zote. Unategemea afanyeje? Anachukua kile ambacho tayari kina makadirio, au boma, yaani jengo ambalo limeshaanza halijaisha, au kile ambacho diwani amekisemea mpaka sauti ikakauka. Vingine vinabaki kwenye faili mpaka mwaka unaofuata vinaandikwa tena vilevile.

Kwahiyo kitu cha kwanza tulichofanya kwenye kamati ni kuipasua ile orodha. Tulikaa na mtendaji tukaulizana, hivi kila kitu hapa mwenye nacho nani? Na hapa ndo wengi wanapotea mpaka leo. Tangu 2017 barabara za wilaya ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na tangu sheria ya maji ya 2019 maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, umeme ni REA (wakala wa nishati vijijini) na TANESCO, mnara ni habari ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ukiandika barabara kuwa kipaumbele namba moja kwenye bajeti ya halmashauri umejifungia mlango mwenyewe, maana halmashauri haina hilo fungu, itaipeleka kwa wenzake kama maoni tu, na ile namba moja yako imeliwa. Tukaandika barua ya barabara kwenda TARURA, ya kisima kwenda RUWASA, kila moja imeambatana na muhtasari wa mkutano mkuu wenye mihuri na sahihi, nakala kwa diwani. Kwenye orodha ya halmashauri tukabakiza ghala, zahanati, nyumba ya mwalimu na josho, kwa mpangilio huo.

Kupata mpangilio huo haikuwa rahisi, mkutano ulikuwa moto. Wazee walitaka zahanati ianze na wana haki yao, ila zahanati ya kijiji cha pili haiko mbali. Kilichogeuza mkutano ni mama mmoja wa kitongoji cha bondeni, alisimama akasema, "Mwenyekiti, mimi kila mwaka nauza mahindi mwezi wa saba kwa bei ya mlanguzi, tena kwa lumbesa, sababu nikiyaweka ndani dumuzi anayamaliza. Mwezi wa pili nayanunua tena kwa bei mara mbili. Hiyo hela ninayopoteza ndo ya kumpeleka mtoto hospitali." Watu walikaa kimya kidogo, halafu mzee mmoja aliyekuwa mkali kwenye zahanati akasema basi tuanze na ghala, lakini iandikwe kabisa kwamba zahanati inafuata. Ikaandikwa. Kitu kisichoandikwa kwenye muhtasari kwa lugha ya serikali hakijasemwa.

Sasa kuandika "ghala" peke yake haitoshi. Ule utaratibu wa kupanga miradi ya vijiji unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, hasa huu ulioboreshwa, unataka kuona jitihada za jamii kwanza, yaani nyie wenyewe mmeweka nini kabla hamjaomba. Mimi naukubali, ingawa najua watu wanalalamika kwamba serikali inawatupia mzigo masikini. Naukubali kwa sababu moja tu, ukishakuwa na msingi na kuta mmeshatoka kwenye kundi la waombaji mkaingia kwenye kundi la maboma, na maboma ndo yanasumbua kila kikao cha baraza la madiwani kwa sababu yanaonekana, yananyeshewa, mbunge anapita anayaona. Tulikubaliana kila kitongoji kifyatue matofali kwa zamu, wenye mkokoteni wabebe mawe na mchanga, asiyeweza kazi atoe fedha kidogo kwa risiti ya kijiji, na wajane na wazee wasiojiweza wasiguswe. Kila tofali, kila tripu ya mchanga, kila siku ya mtu kufanya kazi tuliandika kwenye daftari na thamani yake. Lile daftari lilikuja kutusaidia kuliko hotuba yoyote.

Hapo tukamuomba mhandisi wa halmashauri aje. Alikuja kwa kuchelewa, maana wilaya kubwa na gari ni la kugombania, lakini alikuja akapima akatuandalia BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi na gharama zake, na kuanzia siku hiyo ombi letu likawa na bei: mbao, bati, sakafu, milango, matundu ya hewa, njia ya kupakia. Bila BOQ afisa mipango hawezi kuingiza kitu kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, hata akipenda, mfumo unataka mradi uwe na lengo, shughuli, kiasi na chanzo cha fedha.

Chanzo cha fedha. Hapa nitakaa kidogo sababu ndo moyo wa habari yote.

Halmashauri ya wilaya ya wakulima kama yetu inakula kwenye mazao. Ushuru wa mazao, ule ambao mwaka 2017 serikali iliupunguza kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, ndo unaobeba mapato ya ndani. Kwahiyo nikajiuliza, kijiji chetu kinachangia shilingi ngapi? Hakuna aliyekuwa anajua, mtendaji hajui, diwani hajui. Lakini ufuta na mbaazi huku vinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mazao yanakusanywa ghalani yanauzwa kwa mnada, kila mkulima anapima kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, jina lake na kilo zake zinaandikwa, ushuru unakatwa kwenye malipo ya mnada kabla hela haijafika kwa mkulima. Yaani hesabu ipo, haijajumlishwa kwa kijiji tu. Nikakaa na karani wa AMCOS tukapitia vitabu tukajumlisha kijiji kwa kijiji. Mfano wa hesabu uko hivi: tuseme kijiji kimepeleka mbaazi tani 100, mnada umeuzwa kilo sh 2,000, hiyo ni milioni 200, asilimia 3 yake ni milioni 6. Zao moja, msimu mmoja. Ongeza ufuta, ongeza mahindi yanayopita getini kwa mashine ya POS. Ukipata jumla ya kata nzima, kwenye kikao cha halmashauri unaongea kama mchangiaji, na mchangiaji anasikilizwa tofauti.

Alafu hesabu ya upande wa pili, ya matumizi. Tuseme halmashauri ikishatoa ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na uendeshaji, imebakiwa na milioni 900 za mapato ya ndani kwa ajili ya miradi, na kata ni 20. Madiwani wanachopenda ni kugawana sawa ili kila mmoja arudi kwake na kitu. Ni milioni 45 kwa kata. Kata ikiwa na vijiji vinne navyo vikagawana sawa ni milioni 11 na kidogo kila kimoja, na milioni 11 haimalizi ghala, haimalizi nyumba ya mwalimu, inanunua bati ambazo zitakaa ofisi ya kijiji zikisubiri mbao za mwaka kesho. Haki ya namna hii siipendi hata kidogo, imejaza wilaya yetu majengo nusu. Unapita unaona kuta zimeota majani na watu walichanga jasho lao pale.

Kwahiyo kazi kubwa niliyoifanya, na naiona kubwa kuliko yote, ni kwenye kamati ya maendeleo ya kata (WDC) kabla hata bajeti haijafika wilayani. Nilienda kuongea na wenyeviti wa vijiji vingine mmoja mmoja, nyumbani kwao, jioni, bila haraka. Nikawaonyesha ile hesabu ya kugawana. Pendekezo likawa zamu: fungu lote la kata liende sehemu moja limalize kitu kimoja, mwaka unaofuata liende kijiji kingine, na ghala lianze kwa sababu wakulima wa vijiji vyote wangepeleka mazao pale badala ya kulipia usafiri mpaka mjini. Mwenyekiti mmoja, mtu mzima sana, aliniambia, "Mwanangu, nikiwaambia watu wangu mwaka huu hatupati kitu watanitoa." Alikuwa na hoja ya kweli. Nikamjibu, "Shikamoo yako naiheshimu mzee, lakini tuandike kijiji chako ndo cha pili, kiandikwe kwenye muhtasari wa WDC, usaini wewe nisaini mimi, diwani asaini, uende kuwasomea." Ndivyo tulivyofanya. Mheshimiwa diwani alikuwa na mashaka mwanzoni maana na yeye kura zake ziko vijiji vyote, lakini alipoona wenyeviti wote wamekubaliana mzigo ukamshuka mabegani, akaenda kwenye kamati ya fedha, uongozi na mipango ya halmashauri na kitu kimoja, chenye BOQ, chenye thamani ya nguvu za wananchi, chenye takwimu za ushuru wa kata. Ikapita. Baraza likapitisha kabla ya Machi, ikaenda mkoani, ikaenda Dodoma, Bunge likamaliza Juni kama kawaida.

Wengi wakisikia imepita wanashangilia wanarudi shambani. Jamani, bajeti ikipita hamjapata hela bado, mmepata ruhusa ya kupata hela. Mapato ya ndani yanakuja kadri yanavyokusanywa, na wilaya ya wakulima inakusanya kwa msimu. Ufuta unauzwa kuanzia mwezi wa tano, wa sita, mahindi yanatoka sita mpaka tisa, mbaazi mnada wake ni kuanzia wa nane hivi mpaka wa kumi na moja. Maana yake akaunti ya halmashauri inanona robo ya kwanza na ya pili ya mwaka wa fedha, ikifika Februari ni njaa, na mradi ambao haujapelekewa fedha mpaka Krismasi uko kwenye hatari ya kusukumwa mwaka mwingine. Sisi Agosti tulikuwa tumeshaandika barua ya kuomba fedha, akaunti ya kijiji iko hai, kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi zimeshateuliwa na mkutano mkuu na majina yamepelekwa. Waliokuwa wanaanza kutafuta namba ya akaunti mwezi wa kumi na mbili walikuta hela imeshatembea. Na kule ofisini hakuna aliyetuonea wala kutupendelea, mhasibu anapeleka kwa aliye tayari.

Ujenzi wenyewe ulikuwa kwa fosi akaunti, yaani tunasimamia wenyewe bila mkandarasi, fundi wa hapahapa, vifaa tunanunua wenyewe kwa taratibu za manunuzi. Siwezi kuelezea yote, ila hili lazima niliseme: kila risiti tulibandika nakala yake kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, na kila mkutano mkuu wa robo mwaka mapato na matumizi yalisomwa kwa sauti, mpaka bei ya misumari. Kuna msambazaji mmoja alituletea bati za geji tofauti na tuliyolipia, kamati ya mapokezi ikazikataa palepale gari likiwa bado linawaka, wakina mama wawili wa kamati ndo waliokomaa, akazirudisha akaleta zilizo sahihi. Wangekuwa wanasaini tu kama zamani tungeezekea zile zile.

Ghala sasa linapokea mbaazi na ufuta wa kata, na mahindi ya wanaotaka kusubiri bei au kusubiri NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wafungue kununua. Ushuru wa kuhifadhi unaingia akaunti ya kijiji na kwa mara ya kwanza kijiji kina hela yake ya kuanzia kitu bila kupita nyumba kwa nyumba.

Kijiji cha pili kilipata zamu yake kama ilivyoandikwa. Nyumba mbili za walimu zilikuwa maboma zikaisha, yule mwenyekiti hakutolewa.

Kwa wajumbe wapya wa kata yetu na wengine wowote: mwongozo wa bajeti ukitoka, sogeeni ofisi ya mipango muombe kuuona, ni waraka wa umma. Mkutano mkuu wa kijiji ufanyike mapema ili muhtasari uwe kata kabla ya Desemba kuisha. Vitabu vya AMCOS vya msimu ulioisha vijumlishwe kwa kijiji kabla karani hajavipeleka kwa mkaguzi, maana vikishaondoka kuvipata tena ni shughuli. Na wale wa zahanati, namba yenu iko kwenye muhtasari wa ule mkutano mkuu, mtendaji anayo nakala na mimi ninayo nyingine nyumbani, anayeitaka aje aichukue.