Safari niliyoipanga kuanzia mkiani

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na miji sita ya Hispania: Madrid, Toledo, Salamanca, Sevilla, Córdoba na Granada. Kwenye karatasi ilipendeza. Nilipoanza kuhesabu saa za kukaa vituoni, za kutafuta chumba na za kulala, nikaona nitarudi nikiyajua majukwaa ya treni kuliko miji yenyewe. Nikaifuta mitatu ya juu. Toledo iliniuma.

Ratiba niliianzia Granada, mji wa mwisho, kwa sababu kule kuna mlango usiomsubiri mtu. Tiketi ya Alhambra, makao ya kale ya Wanasri, wafalme Waislamu wa Granada, hutoka kwa jina lako na namba ya pasipoti, na kwa Makasri ya Wanasri, zile nakshi ambazo ndizo hasa watu wanazifuata, unapangiwa saa ya kuingia. Ukichelewa, basi. Zipo pia tiketi za bustani na ngome tu, zisizogusa makasri; kwa haraka zangu nusura ninunue hiyo. Siku niliyoitaka ilikuwa imebaki na nafasi moja: Alhamisi, 15:00. Nikaichukua, nikaandika kwenye daftari "Granada, Alhamisi, saa 9", kisha mengine yote nikayapanga kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ilikula muda, ila haikuwa na fumbo. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa malazi, makaratasi ya benki. Vyumba nilichukua vile ambavyo ningeweza kuvifuta bila kutozwa, ili nikinyimwa viza nisilie mara mbili.

Ukisafiri peke yako, begi ni shauri zito kuliko hoteli. Huna wa kumwambia "niangalizie hapo". Kipimo changu kilikuwa kimoja: begi lisiloweza kuingia nami choo cha kituoni, haliendi. Jozi ya pili ya viatu ikabaki nyumbani.

Nililolidharau ni jua. Sevilla mwezi wa Julai joto huweza kupita nyuzi 40, na siku ya kwanza nilitoka saa nane mchana kama mtu asiye na wa kumkanya. Katikati ya mji wametandaza maturubai juu ya barabara, kutoka paa hadi paa, lakini hata chini yake mawe yalikuwa yanatema moto. Wenyeji hawakuonekana. Kesho yake nikafuata mwendo wao: natoka mapema, adhuhuri nalala, jioni natoka tena, maana jua la huko huzama karibu saa nne usiku. Giralda, mnara wa msikiti wa karne ya 12 ambao sasa ni wa kengele za kanisa, haupandwi kwa ngazi bali kwa njia 35 za mwinamo. Magoti yangu yalishukuru.

Kutoka Sevilla, Córdoba ni kama dakika 45 kwa treni ya mwendo kasi. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa mwaka 785, una nguzo zaidi ya 800, na matao mekundu kwa meupe yamepandana mawili mawili. Unatembea kwenye giza lile la ubaridi, mara mwanga unakumwagikia: uko ndani ya kanisa lililochomekwa katikati yake karne ya 16. Kihispania changu kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini pale nilianza kusikia jamaa wa mbali. Azúcar ni sukari. Hasta ni hata. Wote tumechota kwa Mwarabu.

Sasa lile daftari. Nilipokata tiketi za treni nililitazama lenyewe, sikutazama tiketi ya Alhambra. "Saa 9" nikaisoma kama wanavyosoma wao, 9:00 asubuhi, nikajikatia treni ya kutoka Granada Alhamisi hiyohiyo, 14:00. Niligundua Jumatano usiku, nimekaa kitandani Granada napanga makaratasi ya kesho. Mimi niliyezaliwa na saa za Kiswahili nimejitega kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hapakuwa na mwenzangu hata wa kumlaumu. Nikalipia kubadilisha treni, nikalipia na usiku mmoja zaidi.

Alhamisi nilikuwa mlangoni saa nane na nusu, pasipoti mkononi. Mlinzi akaitazama, akatazama tiketi, akaniashiria nisubiri kivulini. Ndani, maneno yaleyale ya Kiarabu yanajirudia ukutani, kwamba hakuna mshindi ila Allah, mpaka jicho linaacha kuyasoma na kuyaona kama lesi. Kwenye Ua wa Simba, simba 12 wa marumaru wamebeba beseni la maji mgongoni. Wengi walipiga picha wakapita. Mimi treni yangu ilikuwa kesho, nikasimama pale nikiwahesabu mmoja mmoja, kila mmoja na sura yake.