Siku yangu maabara, msimu wa vifua vya watoto

Saa 12:30 asubuhi napokea zamu. Ni Septemba, Kansas City, Missouri. Shule zimefunguliwa na watoto wanaambukizana mafua. Ndugu zangu Tanga wanadhani napima mkojo. Mimi napima virusi katika hospitali ya watoto.

Saa 1 hadi saa 4 ni kufungua vifuko, kusoma lebo, kupakia mashine.

Saa 4:20 kinaletwa kichupa kisicho na jina. Fomu inalo: mtoto wa miaka sita, ana pumu, yuko kwenye oksijeni, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, homa hana. Hapo kwenye homa ndipo roho yangu ilipo. Mwaka 2014, mji huu huu, sampuli 22 zilipelekwa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na 19 zikakutwa na enterovirusi D68, kirusi kinachoshambulia njia za hewa. Wengi wa watoto hao hawakuwa na homa. Mzazi anagusa paji la uso, halichomi, anasubiri kesho. Asisubiri. Amvue mtoto shati, aangalie mbavu.

Nakataa kichupa. Muuguzi anapiga simu: "Unajua alivyolia tulipomwingiza kijiti puani?" Najua, kinafika nyuma kabisa, kooni. Anasema asubuhi hii wamechukua sampuli ya huyo tu. Mbele yangu vipo vichupa vinne vya wodi yake, vyote vina maji yale yale yenye rangi ya waridi. Anapandisha sauti, anamwita msimamizi, naeleza upya tangu mwanzo. Nikibandika jina kwa kukisia, mtoto mwingine atatibiwa kwa jibu la huyu. Nusu saa nzima. Mwishowe wanarudia kumwingiza mtoto kijiti, na mimi najisikia kama nimemtoa machozi kwa mkono wangu.

Mchana, sikumbuki saa ngapi, mashine inatoa jibu: rinovirusi, kirusi cha mafua ya kawaida, au enterovirusi. Virusi hivi vimefanana mno, mashine yetu haivitengi. Daktari anauliza, "Ni D68?" Bado. Lazima iende maabara ya jimbo, na jibu ni siku kadhaa. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe hakuna. Ni oksijeni, dawa ya kupanua njia za hewa, na mashine ya kupumulia akizidiwa. Lakini jibu tunalitaka, kwa sababu wachache, siku chache baada ya mafua, mkono au mguu hulegea ghafla. Namwomba daktari awaambie wazazi hilo leo, wasisubiri maabara.

Miguu imevimba. Nafunga boksi la barafu kavu, kichupa ndani, jina lake limebandikwa wima, herufi zote zinasomeka.