Kutoka Goma hadi Bukavu na lenzi tatu

Julai 2023 binamu yetu alioa Bukavu, na familia ikanikabidhi kazi ya picha. Nilipanga kutoka Goma na kupita Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa boti kubwa ya mchana, na mdogo wangu akaomba nimchukue awe msaidizi. Ana kamera yake, Canon ya kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), na lenzi moja tu, ile 18-55 inayouzwa katoni moja na kamera. Namba hizo ni milimita: ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta vya mbali. Alikuwa ameweka akiba ya lenzi ya pili, na kabla ya safari wimbo wake ulikuwa mmoja: 70-300. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "na ile naweza kumkamata mvuvi katikati ya ziwa, mimi niko nchi kavu."

Sikumkatalia. Nilimwambia hela azifiche vizuri, mengine tutaongea njiani.

Mimi nilibeba tatu: 35 ya f/2, 50 ya f/1.8 na 85 ya f/1.8. Namba ya f ni ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu hufunguka zaidi na mwanga huingia mwingi. Hakuna hata moja inayovuta. Gramu 335, 160 na 425, kwa hiyo zote pamoja hazifiki kilo moja. Rafiki yangu alikuwa tayari kuniazima zumu zake mbili, yaani lenzi zinazovuta, za f/2.8, 24-70 na 70-200, ambazo wapiga picha wengi wa harusi huziona kama ndiyo kazi yenyewe. Hizo zina uzito wa karibu kilo mbili na gramu mia tatu. Nilishukuru nikaziacha, na uzito haukuwa sababu kubwa. Goma ya mwaka ule ilikuwa imezungukwa na kambi za watu waliokimbia vita. Katika mji wenye hali hiyo, lenzi ndefu nyeupe inaonekana tangu mwisho wa barabara, na kila anayeiona anajiuliza umetumwa na nani. Lenzi fupi inakulazimisha usogee, usalimie, useme jina lako. Kwangu hiyo ni nusu ya picha.

Bandarini tulionyesha vitambulisho, majina yakaandikwa kwenye orodha ya abiria, tukapanda. Kamera zilibaki begini mpaka boti ilipokuwa mbali na gati. Bandari, madaraja, uwanja wa ndege, askari: huko hakuna picha, na mpiga picha wa Kivu anayetaka kuzeeka katika kazi hii habishani juu ya hilo.

Ndani ya boti ndipo unapoona faida ya begi dogo. Mzigo wangu ulikaa mapajani, katikati ya magunia ya maharage, magodoro yaliyofungwa kamba na kuku waliofungwa miguu. Nje, upepo ulikuwa unarusha matone mpaka kwenye viti vya pembeni, na kubadilisha lenzi pale ni kuyakaribisha maji ndani ya kamera. Niliweka 35 tangu mwanzo na sikuitoa mpaka Bukavu.

Goma ilianza kurudi nyuma, na ule weusi wake wa mawe ya volkano ukabaki kama mstari ukingoni mwa maji. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji ukafika ziwani, na mawe yale yale leo ndiyo kuta za nyumba. Mlima wenyewe, wenye mita 3,470, hatukuuona. Julai ni kiangazi. Vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vinatanda hewani, na vilima vya mbali vinageuka kijivu juu ya kijivu.

Mdogo wangu alivuta 18-55 yake mpaka mwisho, akaielekeza kwa mtumbwi mmoja wa mbali, akapiga, akatazama kioo. Akaniletea. Palikuwa na alama nyeusi ndogo ndani ya ukungu. "Unaona, Yaya? Ningekuwa na 300..."

Nilimwambia 300 ingekuza alama ile na ukungu wake pamoja. Hewa iliyo kati yako na mtumbwi haiondoki kwa sababu umebadilisha lenzi. Tena kwenye kamera yake, ambayo kihisi chake hukata kingo za picha kwa kiwango cha 1.6, lenzi ya 300 inaona kama 480, na kila mtetemeko wa mkono unakua kwa kiasi hicho. Ungehitaji shata, kile kinachofungua na kufunga mwanga, iende kwa moja ya mia tano ya sekunde au haraka zaidi, juu ya boti ambayo injini yake inaitikisa mpaka kiti ulichokalia.

Halafu nikamwomba kamera. Kila picha ya dijitali inahifadhi ndani yake namba ya urefu uliotumika. Tukaanza kupekua picha zake moja moja, tukisoma namba tu. Zilikuwa 18, 18, 55, 55, 18, 55. Katikati karibu hapakuwa na kitu. Wengi wetu tukiwa na zumu tunafanya hivyo hivyo, tunavuta mpaka mwisho au tunarudisha mpaka mwisho, wala hatuchagui. Na zile za 55 zilizopigwa ndani ya nyumba zilikuwa na ukungu wa mtikisiko, kwa sababu lenzi ile ikivutwa hadi mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6.

"Kwa hiyo shida yako si umbali," nilimwambia. "Shida yako ni mwanga."

Nikamfungia 50 yangu kwenye kamera yake. Pale Idjwi ilikuwa imeanza kujitokeza upande wetu, kisiwa kirefu ambacho katika visiwa vya maziwa ya Afrika kinatanguliwa na Ukerewe tu, na kilitusindikiza muda mrefu. Kando yetu alikaa mama mmoja na mtoto aliyelala juu ya kitenge. Mdogo wangu alimwomba ruhusa. Mama akacheka: "Unipige mimi, huyu usimwamushe." Alipoinua kamera akakuta uso umejaa picha nzima, 50 kwenye kihisi chake inafanya kazi kama 80. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa chuma, na bado alipata mama peke yake. Mimi kwa 35, bila kuinuka, nilimpata mama, mtoto, kitenge, magunia na kipande cha Idjwi dirishani. Lakini picha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu: macho ya mama yalikuwa makali, na kila kitu nyuma yake kimeyeyuka. Aliitazama mara nyingi kuliko alivyotazama kisiwa.

Bukavu unafika ukiwa umeshaiona muda mrefu. Mji umekaa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani, na nyuma yake vilima vimepandwa nyumba za mabati mpaka juu. Kesho yake asubuhi tulisimama ufukweni tukitazama upande wa Kadutu, mtaa wa vilimani, na hapo nilitoa 85. Watu husema lenzi ndefu "inabana" vilima. Kinachovibana ni mahali uliposimama. Ukiwa mbali, nyumba ya mbele na nyumba ya nyuma zinakaribiana kwa ukubwa, na lenzi inachofanya ni kukukatia kipande hicho tu. Nilimwonyesha: nikapiga kwa 35, nikapiga kwa 85 bila kusogeza mguu, halafu tukakuza katikati ya picha ya 35. Mabati yamepangana vile vile katika zote mbili. Natamani ningeonyeshwa jambo hilo mapema, kwa sababu tangu nilipolielewa nimekuwa nikichagua kwanza pa kusimama, ndipo nafungua begi.

Soko la Kadutu ni mtihani mwingine kabisa. Juu kuna turubai na mabati yanayokaribiana, chini kuna giza la mchana, na watu wanapita begani kwako. 85 humo haifai kitu; huna pa kurudi nyuma. 35 kwa f/2 ndiyo iliyofanya kazi yote, kwenye mafungu ya sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha), na sambaza, visamaki vya ziwani, waliokauka wakimwagwa kwenye sufuria la kupimia. Ile ya kwangu ina kitulizi cha mtikisiko ndani, na mtu akitulia naweza kupiga hata kwa moja ya kumi na tano ya sekunde. Mama muuza sambaza aliniuliza swali ambalo mpiga picha anastahili kuulizwa: "Foto hii inaenda wapi?" Nikamwambia ni yangu, na nakala moja ni yake. Akasema wengine pia walisema hivyo. Jioni ile tulikwenda kuichapisha, na kesho yake mdogo wangu alipanda Kadutu kwa miguu kuipeleka.

Katika studio ile ile ya kuchapisha, barabara ya Lumumba, ndipo tulipokuta kabati la kioo lenye vifaa vilivyotumika. Kulikuwa na 70-300 moja, na kulikuwa na 50 mbili za f/1.8. Nilinyamaza. Alizitazama zote, akaomba 50.

Nakueleza jinsi ya kukagua, kwa sababu ukanda wa ziwa una unyevu na kuvu hupenda lenzi. Fungua vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu upande wa nyuma, wewe chungulia kwa mbele, ukigeuza lenzi polepole. Vumbi kidogo lisikutishe, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba nyeupe zenye matawi, zinazoanzia ukingoni mwa kioo. Ya kwanza ilikuwa nazo, upande mmoja, safi machoni mpaka mwanga ulipopita kwa mshazari. Tuliirudisha. Ya pili ilikuwa wazi. Tukaifunga kwenye kamera, tukaweka f/8, tukabonyeza kile kitufe kinachofunga tundu kabla ya kupiga huku tukichungulia kwa mbele, kuona kama visu vya tundu vinajifunga haraka na havina mafuta. Tukapiga maandishi ya kalenda ukutani kwa f/1.8, kuona kama fokasi inakaa pale tulipoiweka. Bei ilikuwa ya dola, na muuzaji alikataa noti moja kwa kipasuko kisichozidi punje ya mchele. Ilibidi tuibadilishe nje kwa hasara kidogo. Nyumbani lenzi ile isikae ndani ya kifuko cha ngozi kilichofungwa. Iwekwe penye hewa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vibadilishwe.

Hesabu iliyonifanya nifurahie uchaguzi wake ni hii. Pale mwisho wa 18-55 alikuwa na f/5.6. Sasa ana f/1.8, karibu urefu ule ule, na mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Picha iliyokuwa inadai sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosheka na moja ya mia. Na upana hajaupoteza, 18 yake bado iko begini. Kwa mtu mwenye hela ya lenzi moja, naamini hiyo ndiyo njia: nunua kile ambacho lenzi uliyo nayo haiwezi kabisa.

Jioni tulishuka kwa wavuvi. Mitumbwi yao huunganishwa mitatu mitatu kwa miti, na mingine mirefu hutokeza mbele na nyuma kushikilia nyavu. Sambaza wanaowavua hawakuwa wa Kivu asili. Walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tulimsalimu mzee wao, tukaeleza, tukakubaliana kuwaletea nakala. Mdogo wangu aliingia majini mpaka magotini na 50 yake, wavuvi wakipanga taa na nyavu kwa urefu wa mkono kutoka kwake. Aliwapata kabla hawajaondoka, nyuso na mikono. Walipoanza kupiga makasia huku wakiimba, yeye alikuwa ameshamaliza.

Harusi ilikwenda kama harusi zinavyokwenda, kwa kuchelewa na kwa furaha. Kanisani niliruhusiwa kusimama kama mita sita kutoka altareni, na kwa umbali huo, kwenye kamera yangu yenye kihisi kikubwa kuliko chake, 85 inaingiza upana wa mita mbili na nusu: bwana, bibi na mikono ya padri, hakuna zaidi. Ukumbini nikarudi kwenye 35. Picha za ukoo mzima nilizipiga kwa f/5.6 ili safu ya nyuma nayo iwe kali. Mdogo wangu nilimpa wazee. Alizunguka meza zao kwa 50, akifunga tundu hadi f/2.8, maana kwa f/1.8, ukiwa karibu hivyo, kinachobaki kikali ni sentimita chache tu, na jicho moja linaweza kuachwa nje.

Tuliporudi Goma aliniambia bado ana hamu ya kufika mbali, ila sasa ana sababu: anataka kwenda Tshivanga, hifadhi ya Kahuzi-Biega, kuwaona gorila. Nilimwambia apige hesabu kwanza. Wakati huo wageni walikuwa wakiwekwa kama mita saba hadi kumi kutoka kwa wanyama, chini ya miti, kwenye giza ambalo 300 ya f/5.6 italilalamikia. Alichukua kalamu. Milimita 22 za upana wa kihisi chake, kugawanya kwa 85, mara mita nane: mita mbili na kidogo. Dume aliyekaa anaenea vizuri humo. Akaniuliza kama siku hiyo 85 yangu itakuwa na kazi nyingine, na nikamwambia haitakuwa nayo.