Mamangu na vipepeo vya Otto

Ilikuwa Januari, mtoto wangu ana miezi miwili, na mamangu alikuwa ametoka Gede, pwani ya Kenya, kuja kunisaidia kulea. Baridi ya New York ikamfungia ndani wiki mbili mpaka akaanza kunung'unika eti hata mfungwa huota jua. Basi Jumamosi moja nikamwachia mume wangu mtoto tukaenda makumbusho ya Metropolitan, si kwa ajili ya sanaa jamani, ni tupate pa kutembea penye joto.

Vyumba vingi tulivipita mbio, miguu inamuuma na yale mapicha ya watu uchi yanamkera, mpaka tukafika kwa Waholanzi. Kuna picha moja wala si kubwa, haifiki sentimita 70 kwenda juu, giza kama chini ya mti mkubwa, ua la popi, nyoka, mjusi, na vipepeo. Imechorwa na Otto Marseus van Schrieck, 1670 hivi. Mama akasimama. Akasogea, akasogea tena, mpaka askari akamuomba kwa upole arudi nyuma kidogo.

Sasa lazima ujue mamangu alikuwa mfugaji wa vipepeo. Ule mradi wa Kipepeo pale Gede ulioanza 1993, watu wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanalea viwavi halafu pupa, yaani kiwavi akishajifungia kwenye ganda kabla hajatoka kipepeo, zinauzwa Ulaya na Marekani, basi naye alikuwa na kijumba chake cha neti nyuma ya jiko, na majani ya mndimu kwetu yalikuwa ya viwavi kwanza, chai baadaye. Karo yangu ilitoka humo. Na ukimshika kipepeo bawa unachapwa, maana ule unga ukishabaki kidoleni haurudi.

"Huyu alikuwa nao nyumbani," akasema. "Kipepeo wa msituni hakungoji umtazame hivi."

Nikamwambia ma, ni mchoraji tu, ametoa kichwani. Akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia zamani nikisema nimeshaosha sufuria.

Usiku mtoto kakataa kulala nikashika simu nikatafuta. Kumbe bwana Otto alikuwa na kiwanja chake nje ya Amsterdam anafuga nyoka na mijusi ili awachore, na alipokuwa Roma wachoraji wenzake walimbandika jina Snuffelaer, yaani mnusaji, kwa kupekua vichakani. Tena kwenye baadhi ya picha zake alikandamiza mabawa ya kweli juu ya rangi mbichi, akibandua, ule unga unabaki hapo kwenye picha.

Asubuhi nikampa habari. Ya nyoka haikumshtua, si hata Watamu, jirani na Gede, wanafuga. Ya mabawa akaacha kukoroga uji.

"Kwa hivyo alikuwa akiwaua?"

Baadaye nikamsikia anamrekodia shogake wa Gede ujumbe wa WhatsApp: "Nimeona kazi ya mfugaji mwenzetu huku, Mzungu wa zamani sana. Lakini pale mradini wasingempokea huyo, bidhaa yake yote imeshatolewa unga."