Redio ya baba na nukta tatu nyekundu

Tulipokaa kugawana vitu vya baba, shamba la minazi lilituchukua asubuhi nzima, baiskeli dakika tano, na redio hakuna aliyeitaja. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma marehemu mama, na kila mmoja alidhani ni mzigo wa mwenzake. Mimi ndiye niliyeishusha. Nasema kweli: nilikuwa nataka kitambaa.

Ni National ya transista, ndani ya mkoba wake wa ngozi wenye vitundu mbele ya spika. Inashika masafa ya kati na masafa mafupi ya aina mbili. FM haina. Baba aliinunua mwaka 1976, mwaka niliozaliwa, na kaka alizoea kunitania kwamba mimi na redio ni mapacha ila mwenzangu aliwahi kuongea.

Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Hale, upande wa korona. (Kwa vijana: korona ilikuwa mashine ya kuparua majani ya mkonge, miaka mingi kabla ugonjwa haujatunyang'anya neno letu.) Jioni akirudi, redio haikuwashwa hovyo. Mawe, yaani betri, yalikuwa adimu. Hasa ule mwaka 1983 wa kusaka wahujumu uchumi, sabuni hakuna, sukari kwa foleni, mawe ya redio ndiyo usiseme. Tuliyaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu kidogo, na yakifa kabisa tuliyapasua, unga wake mweusi ukaenda shuleni kupaka ubao. Watoto tuliruhusiwa Mama na Mwana ya Deborah Mwenda, basi. Baba alijiwekea taarifa ya habari ya saa mbili usiku na matangazo ya vifo, kisha kitufe kikarudishwa, tik.

Jioni ya Aprili 12, 1984, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki kwa ajali ya gari Dakawa, nilikuwa na miaka minane. Baba hakulia wala hakusema kitu. Majirani waliingia mmoja mmoja wakakaa chini, wengine mlangoni, na redio haikuzimwa. Mawe yaliachwa yaishe usiku ule. Kwa mtoto wa nyumba yetu hilo lilitisha kuliko tangazo lenyewe.

Kwenye kioo cha stesheni kuna nukta tatu za rangi ya kucha ya mama, nyekundu. Moja ni Dar es Salaam, moja London, moja Ujerumani. Baba alizitia ili apate stesheni zake kwa mwanga wa koroboi bila kuhangaika na tarakimu.

Sasa, ifanyweje? Kaka, kutoka Dar, aliniandikia niiuze: hoteli za Pangani na Zanzibar wanapenda vitu vya namna hii kupambia mapokezi. Kijana mmoja fundi simu hapa Ngamiani aliipenda sana. Akaniambia atatoa utumbo wote, aweke sakiti ya Bluetooth, sehemu ya memori kadi na kidirisha cha tarakimu mahali pa kile kioo, kwa shilingi 45,000. "Itapiga mpaka mtaa wa pili, mama." Nilimwamini. Nilikaribia hata kumwachia.

Lakini mimi ni mshonaji. Mteja akiniletea gauni la marehemu mama yake nilikate foronya, ninalikata, na foronya zinapendeza, ila kwenye daftari langu siandiki kwamba nimelitengeneza gauni. Nikairudisha redio kwenye mfuko nikaenda barabara ya kumi na mbili kwa mzee mmoja anayefanya kazi chini ya turubai.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akaifungua kwa bisibisi huku akinong'ona nayo. Chumba cha mawe kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Mawe ya mwisho yalivujia humo humo. Kapasita zimekauka. Transista moja imekufa, akachokora nyingine kwenye kopo la maziwa lililojaa vipande vya redio za watu. Na uzi unaovuta mshale wa stesheni umekatika.

"Mwanangu, elfu sitini," akasema, "na sikuahidi kitu."

"Mzee wangu, punguza kidogo."

"Nikipunguza nitafanya haraka. Unataka haraka?"

Sikutaka haraka. Binti yangu ndiye aliyeuliza swali la maana tulipofika nyumbani: "Mama, kwani ikipona itashika nini?" Kila kitu anachosikiliza yeye kiko FM au kwenye simu. Sikuwa na la kumjibu. Elfu sitini ni karibu sketi nne za sare za shule, na nilikuwa nazitoa ili sanduku lipate kunguruma.

Ilichukua wiki tatu. Uzi nilitoa mimi. Wa kwanza, wa cherehani, ulivutika na mshale ukabaki nyuma. Tukaweka ule wa nailoni ninaoshonea mishipi ya mikoba, ukashika. Nilifurahia jambo hilo kuliko nilivyotarajia: kazi yangu imo mle ndani, imezunguka gurudumu mara mbili na nusu.

Mawe manne mapya, makubwa. Tik. Ikavuma kama mvua ya mbali. Kwenye nukta ya Dar, mvumo tu. London, mvumo. Ujerumani, mtu akihubiri kwa lugha nisiyoijua. Mzee akazungusha polepole kwenye masafa mafupi, mita 31, Kichina, Kiarabu, kisha mwanamke akisema Kiswahili safi kabisa, akafifia kabla hajajitaja ni wa wapi. Binti yangu, aliyekuja kunisindikiza huku akichezea simu, aliinua kichwa. "Mrudishe!" Hakurudi.

Kuna tatizo moja. Uzi mpya ulipofungwa, mshale ulikaa kushoto kidogo, upana wa punje ya mchele, na nukta za baba hazilingani tena na mahali pake. Mzee aliniuliza alinganishe na nini: na tarakimu zilizochapwa, au na nukta? Tarakimu ndizo sahihi, alisema, nukta ni mkono wa mtu tu, tena gizani.

Nilimwambia alinganishe na nukta. Akanitazama juu ya miwani, akafungua tena skrubu, na hakunidai nyongeza.