Daftari la nyimbo zilizonifuata

Mimi ni fundi cherehani hapa Isevya, Tabora. Mikono ina kazi kutwa, masikio hayana. Ndiyo maana nikaanza kuandika muziki ninaousikia, kwenye kaunta buku lile lile la vipimo vya wateja, ila naanzia nyuma.

Kilichofanya nisiliache ni sharti moja: wimbo nilioutafuta mwenyewe kwenye simu siuandiki. Naandika ule ulionifuata, wa redio ya jirani, bajaji inayopita, spika ya harusini, kwaya inayofanya mazoezi jioni. Nikiruhusu za simu litajaa singeli tupu, najijua.

Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Alhamisi asubuhi. Redio ya muuza asali. Dansi la zamani. Gitaa la solo linaanza peke yake, saksafoni zinaingia kwa pamoja. Anambembeleza mwanamke arudi. Jina sikulipata."

Hapo kwenye jina ndipo pagumu. Watangazaji wengi wanapiga wimbo bila kumtaja mwimbaji. Basi naandika kiitikio kama nilivyokisikia, hata kama hakieleweki, nikifunga kibanda nampelekea mzee mmoja fundi redio. "Shikamoo babu. Na huu je?" Marahaba haijaisha, ameshaanza kuuimba. Kwake ndiko nilikojua kuwa mji wetu huu ulikuwa na bendi za dansi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Shem Karenga, mwanamuziki wa Tabora Jazz, anasisitiza, alikuwa mtu wa Kigoma. Tabora alikuja kupiga muziki. Majibu ya babu nayaandika kwa kalamu nyekundu, maana siku nyingine anabisha mwenyewe alichosema juzi.

Januari, msimu wa sare za shule, siandiki kitu, na wala sirudi nyuma kujazia.

Wateja nao wamelijua. Mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguza aliomba nimwandikie humo wimbo alioingilia ukumbini siku ya harusi yake. Nikamwambia, "Samahani mama, sijausikia, na sharti ni sharti." Alipokuja kuchukua gauni akatoa spika ndogo kwenye pochi, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaupiga wote mpaka mwisho. Nikauandika.