Siku moja maishani mwangu: katibu wa wafanyabiashara wadogo mpakani Namanga

Saa 12 asubuhi. Simu ya kwanza ni ya dereva. "Katibu, nimeshaipita Longido, karatasi ziko wapi?" Lori lake limebeba maharage ya kina mama wanne, limepakiwa jana jioni Arusha. Karatasi ninazo mimi. Kazi yangu ndiyo hiyo: katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo wanaovusha mazao kwenda Kenya, upande wa Tanzania. Si ofisa wa serikali wala wakala wa forodha, ingawa kufika jioni nitakuwa nimeitwa vyote viwili, na jina la tatu ambalo siliandiki hapa.

Saa 2. Kuna mama mgeni ananisubiri na magunia yake. Kijana mmoja huko nje kamwambia cheti kinauzwa, na kamtajia bei. Nikamkalisha chini, nikamwambia: Mama yangu, Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005. Kama mzigo wako umezalishwa nchi mwanachama, uko kwenye orodha ya bidhaa zinazokubalika na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, unajaza cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani cha kuonyesha mzigo umetoka wapi, ukurasa mmoja. Ofisa wa forodha anagonga muhuri hapahapa mpakani. Bure.

"Kwa hiyo silipi chochote?"

Swali hilo ndilo linalowaangusha wengi. Cheti kinakuondolea ushuru wa forodha, basi. Kodi nyingine, kama bidhaa yako inazo, ziko palepale. Cheti cha afya ya mimea bado kinatakiwa, na ukaguzi wa ubora uko palepale. Mtu husikia "soko la pamoja" akadhani geti limeng'olewa. Akikwama, anarudi kijijini kutangaza kwamba Jumuiya ni maneno matupu, na mwenzake wa jirani hajaribu tena. Kwa maoni yangu, biashara nyingi kati ya nchi zetu inafia hapo, kabla hata ya kufika kwenye kodi.

Saa 3. Lori limefika na halisimami upande wetu. Linapita moja kwa moja hadi upande wa Kenya, kwa sababu kituo hiki ni cha pamoja: ofisa wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, na wa KRA, ya Kenya, wako jengo moja, anayeingia Kenya anamaliza taratibu za kutoka Tanzania na za kuingia Kenya palepale. Anayekuja huku anamalizia kwetu. Marais Magufuli na Kenyatta walikizindua Desemba 2018. Wanaokumbuka foleni mbili za zamani hawalalamiki sana wakikaa kwenye moja.

Saa 4 na nusu. Ukaguzi. Mkaguzi anachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchukulia sampuli, kwenye gunia, punje zinateremka kiganjani, anazinusa na kuzigeuza. Leo ni maharage na hakuna maneno mengi. Mahindi ndiyo yenye kesi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, uasili wa mahindi ujulikane, na kiwango cha aflatoksini, ndiyo sumukuvu hiyo, kisizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wakulima walikasirika, nami nilikuwa upande wao. Lakini sumu ile inaingia kwenye ini la mlaji, na mlaji huyo yuko Kajiado, Kenya, na yuko Longido kwetu pia. Tangu hapo kikao chetu hakiishi bila kuzungumzia maturubai ya kuanikia. Anayeanika mahindi chini kwenye udongo anajua nitamsema mbele za watu.

Saa 6 mchana. Sasa kikao chenyewe. Wanunuzi wawili kutoka Nairobi, wauzaji wetu sita, chai, na ugomvi wa gunia.

Sisi gunia la mahindi tunalihesabu kilo 100. "Sisi gunia ni ya kilo tisini, dada, hiyo haibadiliki," anasema mnunuzi. Mnapatana bei ya gunia kwenye simu, kila mmoja na gunia lake kichwani, mkikutana mizani inawagombanisha. Halafu kuna lumbesa: gunia linajazwa hadi linaota nundu, limeshonewa kofia juu, na bado linaitwa gunia moja. Mkulima ndiye anayelipia nundu hiyo. Wakubwa wakikutana hutiliana saini makubaliano ya ushirikiano. Sijasikia mkutano wao hata mmoja uliokesha kwa ajili ya gunia, na hapa ndilo linalovunja urafiki wa wafanyabiashara kila msimu.

Nikapendekeza tuuze kwa kilo, mizani ikaguliwe mbele ya pande zote, na bei itajwe pamoja na mahali mzigo unapokabidhiwa. Mzee mmoja wa upande wetu akagoma: kwa kilo, ataonekana kauza kidogo. Mnunuzi naye akagoma, maana lumbesa inamnufaisha. Wote wawili walipogoma nikajua tumefika kwenye jambo lenyewe. Tukabishana mpaka saa 8. Tukaandika ukurasa mmoja kwa mkono: kilo, mizani moja, malipo nusu wakati wa kupakia na nusu mzigo ukishapokelewa. Si mkataba wa mwanasheria, lakini kila mmoja aliupiga picha kwa simu yake.

Saa 9. Kijana wa bodaboda anauliza kwa nini tunajisumbua wakati njia za panya zipo. Nikamhesabia: anayepita huko anahonga njiani, hana risiti, na akinyang'anywa mzigo hana pa kulalamikia. Akacheka. Hakukubali.

Saa 11 jioni. Naandika kwenye kundi la WhatsApp: Ijumaa tunapakia mahindi, kila mmoja aje na kitambulisho, ankara ya mzigo wake mwenyewe na majibu ya kipimo cha sumukuvu. Anayekuja bila kipimo asilete gunia. Mnunuzi wa Nairobi amejibu kwamba kilo amekubali. Kuhusu nani awalipe wapagazi wa kushusha, ameisoma na hajajibu. Nitampigia saa 2 usiku, kabla hajazima simu.